Utambi wa shaba: kuuchagua, kuutunza na kuutumia kutoa lehemu, kwa sisi tunaoishi na chumvi ya bahari

Msimu mmoja wa kusi, nahodha wa mashua ya abiria wa Mokowe aliniletea kidhibiti cha sola kutoka chomboni mwake. Taa zilikuwa haziwaki na betri haijai. Nilipokifungua nikaona transista kubwa ya kupitishia umeme imepasuka tumbo. Kazi ya kawaida: toa miguu mitatu, safisha matundu, weka mpya. Nikachukua utambi wangu wa shaba uliokuwa umening'inia kwenye msumari kando ya dirisha la baharini kwa miezi kadhaa, nikauweka juu ya mguu wa kwanza, nikagandamiza kwa chuma cha moto cha kulehemia. Nikangoja. Lehemu iliyeyuka, lakini haikupanda hata kidogo. Nikaongeza nguvu ya mkono, nikasugua mbele na nyuma, na pedi, kile kibati cha shaba kinachoshika mguu wa kipande, ikabanduka kwenye bodi kama gamba la samaki.

Nilipoutazama utambi kwenye mwanga nikaelewa. Wekundu wa shaba mpya ulikuwa umetoweka, umebaki ukahawia uliofifia. Hewa ya Lamu ilikuwa imeula ukiwa palepale ukutani. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu maelezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wa miji mikavu ambao utambi wao hukaa mezani mwaka mzima bila kuharibika. Kwetu kisiwani nusu ya kazi ni kuufanya utambi uendelee kuwa shaba safi hadi siku utakapouhitaji.

Ni kitu gani, na kwa nini unavuta

Ni nyuzi za shaba nyembamba mno zilizosukwa zikawa utepe bapa, kisha utepe ukazungushwa kwenye kigurudumu kidogo cha plastiki. Kwa kawaida kigurudumu kimoja kina mita moja na nusu hadi tatu. Mafundi wengine huuita waya wa kunyonyea risasi, kwa kuwa mtaani lehemu yenyewe huitwa risasi. Mimi nashika jina la utambi kwa sababu linaeleza kazi yake. Aliyewahi kuwasha kandili anajua jambo hili: mafuta yako chini, moto uko juu, na mafuta hupanda yenyewe kwenye nafasi ndogondogo zilizo kati ya nyuzi. Lehemu iliyoyeyuka hufanya vivyo hivyo.

Tofauti ni kwamba mafuta ya taa hulowesha pamba bila masharti. Lehemu hailoweshi shaba mpaka mambo mawili yatimie. Kwanza shaba iwe safi, isiwe na ile ngozi nyeusi inayoota juu yake ikikutana na hewa. Pili, utambi wenyewe uwe na joto la kutosha kuiweka lehemu katika hali ya maji. Lehemu ya zamani yenye asilimia 60 ya bati na 40 ya risasi (hapa na kuendelea, risasi ni madini yenyewe) huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Lehemu isiyo na risasi, ile ya bati iliyotiwa fedha na shaba kidogo, huhitaji 217 hadi 220. Umoja wa Ulaya ulizuia risasi kwenye vifaa vingi vya elektroniki kuanzia Julai 2006, na viwanda vya kwingineko vikafuata, kwa hiyo bodi nyingi za sasa zina hiyo lehemu ngumu. Shaba yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, basi usihofu kwamba utambi utayeyuka mkononi. Hofia vidole tu, maana shaba husafirisha joto haraka sana.

Kazi ya kuiondoa ile ngozi nyeusi hufanywa na flaksi. Kwenye utambi mzuri flaksi imepakwa kiwandani, na mara nyingi ni ulimbo wa msonobari uliokaushwa. Ikipata joto huyeyuka, hula uchafu wa shaba na kufunika nyuzi zisishikwe na hewa kwa zile sekunde chache za kazi. Utambi usio na flaksi ni waya wa kawaida tu uliosukwa.

Ama lile bomba la kunyonya lehemu lenye springi, mimi ninalo na ninalipenda, lakini kazi yake ni nyingine. Bomba linafaa kwa matone makubwa na matundu yaliyojaa. Utambi unafaa pale unapotaka pedi ibaki bapa na safi, pale miguu ya aisi, kile kipande cheusi chenye miguu mingi, ilipogandana, na pale kilichobaki ni utando mwembamba ambao bomba haliwezi kuushika. Anayefanya kazi hii kwa dhati atakuwa na vyote viwili.

Kuchagua: upana kwanza

Kanuni yangu ni hii: utambi uwe na upana sawa na pedi, au uizidi kidogo tu. Ukiwa mpana kupita kiasi, shaba yote ile hunywa joto la chuma chako kabla halijafika kwenye lehemu. Unabaki unagandamiza na bodi ndiyo inayoungua. Ukiwa mwembamba mno hushiba mara moja, ikakubidi urudie mara tano mahali pamoja, na kila kurudia ni joto jingine juu ya gundi inayoishika pedi.

Kwa vipande vidogo vinavyokaa juu ya bodi bila kupenya, rezista na kapasita za ukubwa wa punje ya mchele au chini yake, tumia milimita 0.8 hadi 1. Kwa aisi zenye miguu ya pembeni, milimita 1.5. Kwa miguu ya kawaida inayopenya bodi, ya redio, chaja au amplifaya, milimita 2 hadi 2.5 inatosha. Milimita 3 kwenda juu ni kwa viungo vikubwa: nyaya nene za betri, pedi za transista za nguvu, maganda ya chuma ya soketi. Ukiwa na pesa ya kigurudumu kimoja tu, nunua cha milimita 2. Ukiwa na ya viwili, ongeza cha 1.5. Viwanda vingi hutia namba na rangi kwenye kigurudumu, lakini rangi hazifanani kila mahali, kwa hiyo soma milimita zilizoandikwa.

Sasa flaksi. Kifurushi kitakuambia kama utambi una ulimbo, au una flaksi isiyohitaji kusafishwa, au hauna kitu. Kwa mtu wa nyumbani nashauri wenye ulimbo. Unavuta vizuri na mabaki yake husafishika kwa spiriti. Usio na flaksi ni wa mtu aliye na flaksi yake ya maji au ya kupaka.

Nyingi ya tambi zetu huagizwa kutoka Mombasa au Nairobi, zinakuja na basi hadi Mokowe kisha boti, na huwezi kuzijaribu kabla ya kulipa. Ukipata bahati ya kununua kwa mkono, angalia mambo haya dukani. Rangi iwe ya shaba inayong'aa, wekundu wa machungwa. Ukahawia au weusi maana yake umezeeka rafuni. Ugandamize kidogo kwa ukucha: utambi mzuri ni laini, nyuzi zake ni nyembamba na nyingi, zinasogea. Ule wa bei ya chini kabisa una nyuzi chache nene zilizokaza kama kamba ya chandarua, na nafasi za kuvutia hazipo. Mwisho, omba ukate sentimita moja, ukwaruze ncha kwa wembe. Ndani pawe pekundu vilevile. Pakiwa peupe, umeuziwa alumini iliyopakwa rangi ya shaba, na lehemu ya kawaida haishiki alumini.

Kuutunza karibu na bahari

Toa utambi kwenye msumari. Hii ndiyo rai yangu kubwa kwa kila fundi wa Lamu, wa Shela, wa Pate, wa kokote ambako madirisha yanakwaruza kwa chumvi ukipitisha kidole. Unyevu na chumvi huigeuza shaba nyuzi kwa nyuzi, na kwa kuwa utambi umesukwa kwa nyuzi nyingi nyembamba, eneo lake linaloguswa na hewa ni kubwa kuliko la waya wowote ulio nao.

Mimi naweka vigurudumu vyangu kwenye chupa ya kioo ya mdomo mpana iliyokuwa ya jemu, yenye kifuniko cha kukaza. Ndani natupia vile vipakiti vidogo vya chembe za kukausha vinavyokuja na viatu vipya na mabegi. Watu huvitupa, nimewaambia majirani waniletee. Kila baada ya miezi michache navianika kwenye jua kali la mchana kwa siku nzima, kisha navirudisha vikiwa bado vina joto. Tangu nianze hivyo, kigurudumu kinanidumu mpaka kiishe chenyewe.

Jambo la pili ni jasho. Mikono yetu hapa ni ya chumvi kama hewa. Usivute utambi kwa kushika ile sehemu utakayotumia. Shika plastiki, sukuma utepe utoke kwa urefu unaotaka, na ukishika, shika kwa kibano. Ncha iliyokaa nje ya kigurudumu tangu mara ya mwisho, kata sentimita moja uitupe kabla ya kuanza. Hasara yake ni ndogo kuliko pedi iliyobanduka.

Utambi ukishakuwa kahawia haujafa. Tia flaksi ya maji, ujaribu kwenye bodi mbovu. Ukivuta, utumie siku hiyohiyo. Usipovuta, ukubali umekwisha. Wapo wanaouosha kwa ndimu na chumvi, na ni kweli shaba hurudi nyekundu, lakini chumvi ikibaki kati ya nyuzi huenda nayo kwenye bodi ya mtu ikaendelea kula humo. Kwa kazi ya mteja sifanyi hivyo.

Chuma, ncha na umeme wetu

Chuma kizuri kwa kazi hii ni kile chenye kidhibiti cha joto, cha wati 60 au zaidi. Si kwa ajili ya kuchoma zaidi, ni kwa ajili ya kurudisha joto haraka pindi shaba inapolinyonya. Chuma cha wati 25 cha kuchomeka ukutani kitaunganisha nyaya vizuri tu, lakini ukikiweka juu ya utambi hupoa palepale.

Kuna jambo ambalo wengi hawalihesabu. Nguvu ya chuma kisicho na kidhibiti hushuka kwa mraba wa volti. Chuma cha wati 40 kilichotengenezwa kwa volti 240, umeme ukidhoofika jioni hadi volti 200, kinabaki na takriban wati 28. Kama jioni utambi wako hauvuti na asubuhi ulivuta, chomeka multimita, kile kipimo cha umeme, ukutani kabla ya kuulaumu utambi.

Ncha iwe ya patasi, bapa, yenye upana unaokaribiana na wa utambi. Ncha iliyochongoka kama penseli hugusa nukta moja tu, joto halipiti. Weka nyuzi 340 hadi 360 kwa lehemu yenye risasi, na 370 hadi 380 kwa isiyo na risasi. Kwa pedi zilizoungana na shaba pana ya grauni, ile njia ya pamoja ya kurudia umeme, unaweza kugusa 400, kwa sekunde chache tu.

Hatua kwa hatua: mguu mmoja wa kawaida

Kabla ya yote, kifaa kisiwe na umeme, na kapasita kubwa iwe imemalizwa chaji. Kwenye chaja na pawasaplai za ukutani, kapasita ya upande wa umeme mkuu hubeba takriban volti 340 za mkondo mnyoofu, na hubaki nazo hata baada ya kuchomoa. Pima kwa multimita. Usikisie.

Isimamishe bodi isitembee. Mimi natumia kibano cha mbao na vipande viwili vya kandambili. Safisha kiungo kwa spiriti na mswaki mkavu.

Sasa fanya jambo linaloonekana la kinyume: ongeza lehemu. Gusa kiungo cha zamani kwa chuma ukitia lehemu mpya kidogo yenye risasi. Lehemu mpya inachanganyika na ile ngumu ya kiwandani na kushusha joto la kuyeyukia, flaksi iliyo ndani yake inaamsha uso uliozeeka, na tone linalozidi linalibeba joto kutoka kwenye ncha kwenda kwenye pedi. Wanafunzi wangu wote huiruka hatua hii mara ya kwanza, na wote huirudia.

Tia tone la flaksi juu ya utambi hata kama kifurushi kimesema inayo tayari. Kwa hewa yetu ni lazima.

Futa ncha kwenye sufi ya shaba ya manjano, kisha uipake lehemu kidogo mno, ing'ae tu. Kiasi hicho kidogo ndicho daraja la joto. Ncha kavu juu ya utambi mkavu hugusana kwa vinundu, na kati yake kuna hewa.

Weka utambi juu ya kiungo, kisha weka ncha juu ya utambi, kwa ubapa wake. Mpangilio ni huo: bodi, lehemu, utambi, chuma. Usigandamize. Uzito wa mkono uliotulia unatosha. Hesabu moja, mbili. Kwenye sekunde ya pili au ya tatu utaona moshi mwepesi wa ulimbo, kisha ule wekundu wa utambi ubadilike ghafla kuwa fedha, rangi ikitambaa kutoka kwenye ncha kwenda nje. Huo ndio mvuto. Sogeza utambi na chuma pamoja, taratibu, uelekeo mmoja, ili sehemu mpya ya utambi ifike juu ya lehemu iliyobaki. Usiburute huku na huku kama unayefuta sahani. Nyuzi za shaba ni kali, hukwangua rangi ya kijani ya bodi na kung'oa pedi iliyolainika kwa joto.

Kisha inua vyote viwili kwa pamoja. Ukiondoa chuma kwanza, lehemu inaganda na utambi unashikamana na pedi, na hapo watu huvuta kwa hasira. Ikitokea, rudisha chuma juu yake, ngoja iyeyuke, inua tena.

Kata sehemu iliyogeuka fedha. Kijana wa jirani anayekuja kujifunza kwangu aliniuliza siku moja, akiwa ameganda juu ya kiungo kimoja kwa muda mrefu:

"Ami, mbona wangu haunywi?"

"Hebu inua nione. Umeweka chuma wapi?"

Akanionyesha kipande kilekile alichokitumia kwa miguu mitatu iliyotangulia, kimekuwa kigumu na cheupe kama msumari.

"Huo umeshashiba, mwanangu. Kata hapo, uanze na mwekundu."

Sehemu iliyoshiba haivuti tena, na ubaya wake zaidi ni kwamba inabeba joto kwenda pembeni. Kata hadi uone wekundu, acha na nusu sentimita ya fedha ukipenda, maana hiyo hufanya daraja la joto la mara inayofuata.

Kama kiungo hakikuisha baada ya sekunde tano, simama. Acha kipoe kabisa, tia flaksi na lehemu mpya, anza tena. Kinachobandua pedi ni muda na msukumo wa mkono vikiungana, kwa sababu gundi iliyo chini ya shaba hulegea ikikaa motoni.

Pedi za grauni

Hapa ndipo subira inapohitajika zaidi. Mguu ulioungana na shaba pana ya grauni ni kama sufuria iliyowekwa juu ya mawe ya baridi: unachomimina kwenye moto kinakimbilia kwingine. Mambo manne yanasaidia. Kata kipande cha utambi cha sentimita mbili au tatu, ukishike kwa kibano, badala ya kuutumia ukiwa kwenye kigurudumu, kwa kuwa urefu wote ule wa shaba nao unakuibia joto. Tumia ncha pana kuliko zote ulizo nazo. Pasha bodi nzima kwanza kwa kikaushia nywele au bomba la hewa moto, ifikie joto ambalo mkono hauwezi kuivumilia lakini bila kuunguza plastiki. Na mguu wa kipande kibovu ukate kwanza kwa koleo, utoe mwili wake, ubakize kijiti tu. Kijiti kimoja kinatoka kwa urahisi kuliko miguu mitatu inayongojeana. Kile kidhibiti cha nahodha ningekiokoa kwa hatua hii ya mwisho peke yake.

Matundu yaliyozibwa

Kwenye bodi yenye shaba pande mbili tundu limepakwa metali ndani, na lehemu hujificha katikati. Lijaze kwanza kwa lehemu mpya hadi lifure, kisha weka utambi upande wa chini na chuma chini ya utambi, bodi ikiwa imeinuliwa. Lehemu huelekea kwenye joto na uzito wake unasaidia. Ikikataa mara mbili, chukua bomba la springi: mwenzako apashe upande mmoja, wewe unyonye upande wa pili. Usilitoboe tundu kwa msumari wala kuchimba kwa drili. Ile metali ya ndani ndiyo inayounganisha pande mbili, ukiikwangua umekata njia usiyoiona.

Aisi zenye miguu ya pembeni

Miguu miwili ikigandana, jaribu kwanza flaksi tele na ncha safi iliyofutwa, ukiiburuta kutoka mwilini kwenda nje. Mara nyingi lehemu hufuata ncha na utambi hauhitajiki. Ikibaki, tumia wa milimita 1.5, uulaze juu ya ncha za miguu miwili tu, gusa sekunde moja au mbili, inua moja kwa moja juu. Usiburute kwa upande, miguu ya aisi hupinda kama miiba ya samaki.

Ukishaitoa aisi, pedi zake zitakuwa na vilima visivyo sawa. Laza utambi juu ya safu nzima, pitisha ncha polepole kutoka mwanzo hadi mwisho kwa mkupuo mmoja. Pedi zikibaki bapa zenye utando mwembamba wa fedha, acha hapo. Kuendelea kusafisha mpaka uone shaba tupu hakukusaidii kitu, kunaichosha gundi.

Bodi zilizoonja maji ya bahari

Redio za vyomboni, taa za boti na vidhibiti vya sola hufika kwangu vikiwa na ukungu wa kijani na weupe juu ya viungo. Utambi hauwezi kufanya lolote juu ya ukungu huo. Osha bodi kwa maji yaliyosafishwa ya betri, yale yasiyo na asidi, ukisugua kwa mswaki ili chumvi iyeyuke. Spiriti peke yake haiyeyushi chumvi ipasavyo. Kisha suuza kwa spiriti ifukuze maji, anika kivulini kwenye upepo hadi siku ya pili. Bodi nyingi za baharini zimepakwa pia ngozi ya plastiki inayong'aa. Ikwangue juu ya kiungo kwa ncha ya wembe, la sivyo itaungua na kuacha masizi. Baada ya hapo flaksi, lehemu mpya, na ndipo utambi.

Ukikosa wa dukani

Boti isipokuja, unaweza kujitengenezea. Vua ganda la waya laini wa nyuzi nyingi, au ule msuko ulio ndani ya waya wa antena, lakini kwanza ukwaruze: waya mwingi wa dishi una msuko wa alumini, na waya wa spika wa bei ndogo ni alumini iliyopakwa shaba. Vyote viwili havifai. Ukipata shaba halisi, ibonyeze iwe bapa.

Flaksi yake ni ulimbo mgumu wa msonobari, uleule wanaosugulia upinde wapigaji fidla wa taarabu. Saga sehemu moja, uyeyushe kwenye sehemu tatu au nne za spiriti kwa uzito, mbali na moto. Chovya msuko, utoe, uanike ukauke mpaka usinate. Unavuta karibu sawa na wa dukani. Ile flaksi ya asidi ya mafundi bati na mabomba usiitie kabisa kwenye bodi. Inavuta ajabu siku ya kwanza, na kwa unyevu wetu huendelea kula shaba baada ya hapo.

Baada ya kazi

Ncha ya chuma itakuwa imekauka, kwa sababu utambi umeinyonya lehemu hata hiyo. Ipake nzito kabla ya kuzima, isijeota weusi. Mabaki ya ulimbo yasugue kwa spiriti na mswaki, kisha kandamiza kitambaa kisicho na manyoya uyanyonye. Usiyaache yakakauka upya.

Moshi wa ulimbo huwasha kifua, na ukivutwa kwa miaka unaweza kuleta pumu. Weka feni ndogo ipeleke moshi pembeni, isikupulizie usoni wala isipulizie kiungo kikapoa. Ncha za utambi zilizokatwa zina risasi: zikusanye kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na watoto, usizichome na takataka. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au sigara.

Mwisho inamisha bodi kwenye mwanga wa dirisha. Pedi ziwe bapa, zote zimelala, hakuna uzi wa shaba uliobaki umekatiza kati ya mbili. Uzi mmoja kama unywele unatosha kuunguza transista mpya uliyoingoja wiki nzima. Weka multimita kwenye mlio, pale inapolia umeme ukipita, gusa kila pedi na jirani yake, kisha kila pedi na njia yake. Kama pedi moja ilibanduka, kwangua rangi ya kijani juu ya njia yake kwa milimita mbili au tatu hadi shaba ionekane, lehemu hapo uzi mmoja mwembamba wa waya, uupeleke hadi kwenye mguu wa kipande kipya. Ndivyo nilivyokirudishia kidhibiti cha nahodha, kwa uzi wa sentimita moja, kisha nikaupaka juu yake tone la gundi ya epoksi ili mtikiso wa mashine usiukate.